Namna ya Kuchapisha Nyaraka na Picha kwa Ukubwa Halisi katika Linux

Na Mwandishi Wetu

Ramani ya kiwanja iliyochorwa kwa skeli ya 1:2500 ina maana moja tu: kila sentimita moja juu ya karatasi ni mita 25 ardhini. Maana hiyo hudumu endapo tu karatasi iliyotoka kwenye printa ina ukubwa uleule aliokusudia mchoraji. Iwapo kompyuta imeipunguza ramani hadi asilimia 96, mpaka wa mita 100, ambao ulipaswa kuwa na urefu wa sentimita 4, utakuwa na sentimita 3.84, na mwenye rula atausoma kuwa ni mita 96. Eneo hupungua zaidi, kwa kuwa kasoro huingia katika urefu na upana kwa pamoja: hekta moja, yaani mita za mraba 10,000, itasomeka kuwa mita za mraba 9,216.

Kasoro hiyo mara nyingi haitokani na ubovu wa printa. Printa nyingi za ofisini haziwezi kuweka wino hadi ukingoni mwa karatasi. Huacha ukanda mtupu wa takriban milimita 4 kila upande. Ili maandishi yasikatwe, programu nyingi hupunguza ukurasa mzima uingie ndani ya ukanda huo. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ukiondoa takriban milimita 8 za pande mbili, hubaki asilimia 96. Kwa barua ya kawaida jambo hilo halina madhara. Kwa ramani, mchoro wa jengo, kielelezo cha fundi cherehani au picha ya pasipoti, ni kosa.

Kwa mtumiaji wa Linux, ukubwa wa ukurasa huweza kubadilika katika hatua tatu: ndani ya faili lenyewe, katika programu inayolifungua, na katika mfumo unaolipeleka kwenye printa. Inafaa kila hatua ikaguliwe kwa zamu.

Hatua ya kwanza ni faili. Amri ya pdfinfo, ikifuatiwa na jina la faili la PDF, huonesha ukubwa wa ukurasa kwa pointi, ambapo pointi 72 ni sawa na inchi moja. Ukurasa wa A4 huonekana kuwa na takriban pointi 595 kwa 842. Zikionekana 612 kwa 792, ukurasa huo ni wa Letter, karatasi itumikayo Marekani, yenye milimita 216 kwa 279. Iwapo ukurasa ni wa A3, usilazimishwe kuingia katika A4, kwa sababu utapunguzwa hadi asilimia 71 hivi, na ramani ya 1:2500 itageuka kuwa ya takriban 1:3500 ilhali maandishi yake bado yanataja 1:2500.

Hatua ya pili ni programu. Katika Evince, kisoma nyaraka kinachopatikana katika mifumo mingi ya Linux, dirisha la kuchapisha lina sehemu ya "Page Handling". Humo, mpangilio wa "Page Scaling" ubadilishwe kuwa "None". Katika Okular na programu nyingine kanuni ni ileile: tafuta chaguo linalohusu kupunguza au kutosheleza ukurasa, ulizime, au uandike asilimia 100.

Hatua ya tatu ni CUPS, mfumo unaosimamia uchapishaji katika Linux. Anayetaka kuupa maelekezo moja kwa moja anaweza kuandika amri hii:

lp -o media=A4 -o print-scaling=none ramani.pdf

Sehemu ya kwanza hutaja karatasi. Ya pili hukataza ukurasa kukuzwa au kupunguzwa. Ni muhimu pia karatasi iliyotajwa iwe ndiyo iliyomo kwenye trei ya printa. Kwa kuwa ukanda mtupu wa ukingoni bado upo, mwandaaji wa mchoro aache nafasi ya walau sentimita moja kila upande. La sivyo, kitakachoangukia ukingoni hakitachapishwa.

Picha zina jambo moja la ziada. Faili la picha huhesabiwa kwa pikseli, na pikseli haina urefu wake mpaka itajwe ni ngapi zitaingia katika inchi moja. Picha ya milimita 35 kwa 45, kipimo cha pasipoti katika nchi nyingi, inahitaji takriban pikseli 413 kwa 531 kwa msongamano wa pikseli 300 kwa inchi. Picha hiyohiyo ikiwekewa alama ya pikseli 96 kwa inchi, itatoka ikiwa na upana wa milimita 109. Katika GIMP, menyu ya "Image" ina kipengele cha "Print Size" kinachorekebisha alama hiyo bila kugusa pikseli zenyewe. Njia nyingine ni kuiweka picha katika LibreOffice Draw, kubonyeza F4, kuandika vipimo vinavyotakiwa kwa milimita, kisha kuhifadhi kazi kama PDF na kuichapisha kwa amri iliyotajwa hapo juu.

Baada ya yote hayo, rula ndiyo shahidi wa mwisho. Kila mchoro unaotegemea kipimo uwekewe mstari wa sentimita 10 kamili. Nakala ikitoka, mstari upimwe kabla karatasi haijatiwa sahihi wala kukabidhiwa mtu. Ukiwa na sentimita 9.6, ukurasa umepunguzwa, na hatua tatu zirudiwe. Ukiwa na tofauti ya nusu milimita hivi, huenda chanzo ni namna printa inavyovuta karatasi.

Mstari huo una faida nyingine. Skeli iliyoandikwa kwa tarakimu haibadiliki nakala inapopunguzwa, hivyo humpotosha msomaji. Mstari wa kipimo hupungua pamoja na ramani, hivyo huendelea kusema kweli. Ofisi inayotoa mchoro na iweke vyote viwili, pamoja na agizo fupi pembeni: chapisha kwa asilimia 100.