Breki za ngoma: Siri ya viatu katika malori ya kale ya kijeshi

NENO ‘ngoma’ katika istilahi ‘breki ya ngoma’ linasadifu. Linarejelea chuma cha mviringo, chenye uwazi ndani kama mzinga wa ngoma, ambacho hufungwa kwenye gurudumu na kuzunguka pamoja nalo. Ndani yake mna vyuma viwili vilivyopinda mithili ya hilali, visivyozunguka. Hivyo huitwa viatu. Kila kiatu huvishwa bitana, yaani tabaka gumu la kusugulia.

Makala haya yanaeleza utendakazi wa breki hizo kwa kurejelea lori la GMC CCKW, ambalo jeshi la Marekani lilitumia katika Vita vya Pili vya Dunia. Zaidi ya malori 500,000 ya aina hiyo yaliundwa. Lilikuwa na ekseli tatu, na kila ekseli ngoma mbili.

Je, mguu wa dereva unawezaje kusimamisha mzigo wa tani kadhaa? Anapokanyaga pedali, pistoni katika silinda kuu husukuma mafuta ya breki kwenye vijibomba. Kwa mujibu wa kanuni ya Mfaransa Blaise Pascal, shinikizo katika kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Hivyo basi, hufika kwenye silinda ndogo ya kila gurudumu, nayo hutanua viatu hadi vikausugua ukuta wa ndani wa ngoma. CCKW pia ilikuwa na kifaa kilichotumia ombwe la injini kuuongezea mguu nguvu.

Hata hivyo, msaada mwingine hutoka kwa gurudumu lenyewe. Ngoma inapozunguka, hukikokota kiatu kimoja na kukifanya kijikaze zaidi, kama kabari inayojipigilia. Kiatu cha pili husukumwa nyuma na mzunguko huo huo. Ndiposa kiatu cha kwanza hufanya kazi kubwa kuliko mwenzake, na bitana yake aghalabu huisha mapema.

Tatizo ni kwamba msuguano huzaa joto, na ngoma iliyofunikwa haipoi upesi. Ikishika moto, hutanuka na ukuta wake kusogea mbali na viatu; pedali nayo huzama zaidi. Bitana ikichemka, hupoteza mkwaruzo. Wakati huo dereva hukanyaga kwa nguvu zake zote na lori lisisikie. Maji pia ni adui: lori likishavuka mto, sharti dereva akanyage breki polepole akiendelea kwenda, ili joto la msuguano lizikaushe. Isitoshe, malori hayo yalitegemea mfumo mmoja wa mafuta. Kijibomba kimoja kikipasuka, magurudumu yote hukosa breki.

Kutokana na hayo, kanuni ya dereva wa lori la aina hiyo ni moja: ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, injini izuie mwendo, breki zisaidie tu. Kanuni hiyo haijazeeka. Malori mengi katika barabara zetu yangali na breki za ngoma, ingawa viatu vyake husukumwa kwa hewa. Dereva anayetoa gia mlimani eti anaokoa mafuta huziachia ngoma kazi yote, na zikishashika moto, hana pa kukimbilia.