Logarithimu

Zamani mabaharia na wenye kupima nyota walikuwa na taabu moja kubwa, nayo ni hesabu. Iliwabidi kuzidisha na kugawanya namba ndefu mno, na kosa dogo liliweza kukipeleka chombo mwambani.

Bwana mmoja wa Uskoti, John Napier, alikusudia kuipunguza taabu hiyo. Alifanya kazi miaka 20 hivi, na mwaka 1614 akatoa kitabu cha namba alizoziita logarithimu. Maana yake huonekana katika mistari hii miwili:

1   2   3   4   5   6   7   8   9   10
2   4   8   16   32   64   128   256   512   1024

Namba 16 ni 2 × 2 × 2 × 2. Humo mna 2 nne. Basi, kwa kuhesabu kwa 2, logarithimu ya 16 ni 4.

Je, 16 × 32 ni ngapi? Usizidishe. Juu ya 16 pana 4, na juu ya 32 pana 5. Jumlisha, upate 9. Chini ya 9 pana 512, nalo ndilo jibu. Kwani 2 nne zikizidishwa kwa 2 tano, zote ni 2 tisa.

Vivyo hivyo kugawanya hugeuka kutoa. Kwa 1024 ÷ 64, toa 6 katika 10, ibaki 4. Jibu ni 16.

Herufi nazo hufuata sheria iyo hiyo. Logarithimu ya a × a × b ÷ c ni logarithimu ya a mara mbili, kujumlisha ya b, kutoa ya c. Ikiwa a ni 8, b ni 16, na c ni 32, basi 6 + 4 − 5 ni 5. Jibu ni 32.

Lakini jihadhari: sheria hii si ya a + b. Logarithimu ya 4 ni 2, lakini ya 4 + 4 ni 3, wala si 4.

Mwaka 1615 Henry Briggs, mwalimu wa hesabu, alisafiri kutoka London mpaka Edinburgh kumwona Napier. Wakapatana kwamba kuhesabu kwa 10 kungefaa zaidi. Napier alikufa mwaka 1617. Briggs akaendelea, na mwaka 1624 akatoa logarithimu za namba 30,000. Siku hizi mashine hufanya hesabu hizo, lakini sheria hazikubadilika. Wawili hao walitaabika miaka mingi, ili wengine wasitaabike.