Maji ya Mfereji: Safari Yake Hadi Kikombe cha Mtoto

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini tega sikio. Leo tunazungumza juu ya maji ya mfereji.

Nitaanza na swali ninaloulizwa sana siku ya kupima watoto uzito. Mama huniambia: "Sista, leo maji ya mfereji yananuka dawa. Nimeyamwaga, nikanunua ya mkokoteni kwa sababu hayanuki. Je, nimefanya vyema?"

Jibu langu huwashangaza wengi. La, mama, hukufanya vyema. Harufu hiyo ni ya klorini, dawa inayoua viini vya magonjwa. Klorini ni mlinzi anayesafiri na maji kutoka kwenye tangi kuu hadi nyumbani kwako. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakubali hadi miligramu 5 za klorini katika lita 1 ya maji ya kunywa, na watu wengi huisikia harufu yake kabla haijafika kiwango hicho. Ukisikia harufu kidogo, jua mlinzi yuko kazini. Yale ya mkokoteni yasiyonuka huenda hayana mlinzi kabisa, na hujui yalitekwa wapi.

Lakini msikilizaji, usikimbilie kusema kwamba maji yote ya mfereji ni salama. Tufuate safari yake pamoja.

Maji huchafuka wapi?

Tuchukue mfano wa mji wa Voi, kaunti ya Taita Taveta. Voi hupata maji ya chemchemi ya Mzima, iliyo ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu huzama ardhini, ikachujwa na mawe ya volkano, kisha ikabubujika Mzima ikiwa maangavu. Ni bomba hilohilo la Mzima linalopeleka maji hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwenye chemchemi. Mwanzo wake ni mzuri sana. Basi kwa nini mtoto anaishi penye mfereji na bado anahara?

Sababu ya kwanza ni mgao. Katika miji yetu mingi midogo maji hayaji kila siku. Sasa sikiliza vizuri. Bomba likijaa maji yenye nguvu, penye ufa maji hutoka nje. Utaona mahali pamelowa, hata nyasi zimeota. Lakini maji yakifungwa na bomba likabaki tupu, ufa uleule huvuta ndani vilivyo nje: matope, maji ya mtaro, hata maji ya choo kama bomba limepita karibu na choo. Maji yakifunguliwa tena, uchafu huo husukumwa mbele mpaka kwenye mfereji wako. Ndiyo maana maji ya kwanza baada ya mgao mara nyingi huwa na rangi.

Sababu ya pili ni mabomba kukatwa. Wako wanaotoboa bomba ili wajiunganishie maji kwa siri, wakafunga tundu kwa kipande cha mpira. Wako wanaofunga pampu kwenye bomba la mtaa ili wavute maji kwa nguvu. Pampu hiyo huvuta pia uchafu kupitia nyufa za majirani. Na kwa wale wanaopakana na mbuga, kiangazi kikizidi, ndovu wenye kiu huvunja mabomba wakitafuta maji.

Sababu ya tatu ni matangi. Tangi la juu ya nyumba likikaa miaka bila kuoshwa, au likikosa kifuniko, ndege, mijusi na panya huingia. Tope hukaa chini, na klorini humalizika kwa kupigana na uchafu huo.

Sababu ya nne iko ndani ya nyumba zetu. Hii ndiyo ninayotaka tuizungumzie zaidi, kwa kuwa dawa yake iko mikononi mwetu.

Kisa cha mama aliyechemsha maji

Mwaka wa 2022, wakati wa ule ukame mrefu, mama mmoja aliniletea mtoto wake wa miezi tisa. Mtoto alikuwa amehara siku mbili. Macho yalikuwa yameingia ndani, na nilipoifinya ngozi ya tumbo kwa vidole, haikurudi upesi. Alikuwa mlegevu, hata kulia hawezi. Tulimtundikia maji ya mshipa na kumkimbiza katika hospitali kubwa. Namshukuru Mungu, mtoto alipona.

Baadaye mama aliniuliza kwa uchungu: "Sista, mimi huchemsha maji kila siku. Makaa yote yale ninayonunua, kosa langu ni gani?"

Nilikwenda kumtembelea nyumbani. Ni kweli alikuwa akichemsha. Lakini maji yaliyochemshwa aliyamimina kwenye ndoo pana isiyo na kifuniko, na juu yake palikuwa na kikombe kimoja. Kila mwenye kiu alichota kwa kikombe hicho: mtoto aliyetoka kucheza, kijana aliyetoka msalani, mgeni aliyetoka safarini. Vidole vyote vilifika majini.

Jambo ambalo hakujua ni hili: kuchemsha huua viini, lakini pia huondoa klorini. Maji yaliyochemshwa ni safi ila hayana mlinzi. Kidole kimoja kichafu kinatosha kuyaharibu, na hakuna kitu ndani yake cha kuviua viini vipya. Sikumlaumu mama yule. Tulikuwa tumemfundisha kuchemsha, hatukumfundisha kuhifadhi. Na ndiyo sababu ya mazungumzo ya leo.

Ufanye nini nyumbani?

Chukua kalamu na karatasi, au mwambie mtoto wa shule akuandikie.

Kwanza, baada ya mgao, yaache maji ya kwanza yatiririke kwenye ndoo mpaka yawe maangavu. Usiyamwage. Yatumie kuosha choo au kunyunyizia vumbi uani. Maji ya kunywa yateke baadaye.

Pili, kama maji yana tope, yaache yatulie, kisha yamimine polepole kupitia kitambaa safi kilichokunjwa, kwa mfano kipande cha leso kilichofuliwa na kuanikwa juani. Kuchuja peke yake hakutoshi. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakawa na viini vya kipindupindu au vya homa ya matumbo. Macho hayavioni.

Tatu, chagua njia moja ya kuua viini:

• Kuchemsha. Maji yakitokota kwa mapovu makubwa, hesabu dakika 1, kisha epua. Huna haja ya kuyaacha yachemke robo saa. Unachoma makaa bure. Yaache yapoe katika sufuria hiyohiyo ikiwa imefunikwa.

• Kutia dawa ya klorini ya maji ya kunywa, ya chupa au ya tembe. Soma maandishi, kwa sababu nguvu za dawa hazilingani. Tia kipimo kilichoandikwa kwa mtungi wako, tikisa, funika, na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Weka dawa mbali na jua na mbali na watoto.

• Jua. Jaza maji maangavu kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Ilaze juani tangu asubuhi kwa saa 6. Kukiwa na mawingu mengi, iache siku 2.

Je, kati ya klorini na kuchemsha, ipi bora? Klorini ina faida ya kubaki ndani ya maji na kuyalinda. Lakini kuna viini vichache sugu ambavyo klorini haiviwezi, na moto unaviweza. Kwa mtoto aliyeanza kula na hajafika mwaka mmoja, au mtu ambaye mwili wake umedhoofika kwa ugonjwa, mpe yaliyochemshwa na kuhifadhiwa vizuri.

Nne, hifadhi. Tumia chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, kisha mimina. Kama una ndoo yenye mfereji chini, hiyo ni bora zaidi. Huko Homa Bay, mwanzoni mwa miaka ya 2000, akina mama wafinyanzi walifinyanga mitungi ya udongo yenye mdomo mwembamba, kifuniko na mfereji. Maji yanabaki baridi kama ya mtungi wa nyanya, lakini hakuna mkono unaoingia. Ikiwa una ndoo pana tu, ifunike, tumia kata yenye mpini mrefu, na uitundike ukutani. Kata hiyo isinywewe.

Tano, osha chombo cha maji ya kunywa kwa sabuni kila kinapokwisha. Mtungi wenye utelezi ndani si safi hata ukijazwa maji mazuri namna gani. Tia maji kidogo, sabuni na kokoto safi, tikisa kwa nguvu, kisha suuza. Mtungi uliobeba mafuta au dawa ya shamba usitumike kwa maji ya kunywa kamwe.

Sita, nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka msalani, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kushika chakula au maji.

Mtoto wa chini ya miezi sita

Hapa naomba nyanya zetu wanisikilize kwa upole. Katika joto kali tunamhurumia mtoto, tunasema ana kiu, tunampa maji kidogo kwa kijiko. Tafadhali tuache. Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji mtoto mpaka atimize miezi sita, hata wakati wa kiangazi. Akiwa na kiu, mpeni titi mara nyingi zaidi. Anayehitaji maji ya kunywa ni mama.

Mtoto akihara

Usisubiri. Anza kumpa ORS mara moja. Changanya pakiti nzima na kipimo cha maji salama kilichoandikwa juu yake, wala usikadirie. Kila anapohara, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe, na aliyezidi miaka 2 nusu hadi kikombe kizima. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Uliza kituoni tembe za zinki. Hutolewa kwa siku 10 hadi 14, nazo zimalizwe hata kama kuhara kumekoma. Hakikisha pia mtoto wako amepata chanjo ya rotavirusi, ambayo hutolewa hapa Kenya tangu mwaka wa 2014.

Mkimbize kituo cha afya ukiona mojawapo ya haya: macho yameingia ndani, amelegea au haamki vizuri, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, kuna damu kwenye choo, au anahara maji mengi meupe kama ya kuoshea mchele. Hata kama ni usiku, nenda. Njiani endelea kumpa ORS.

Maji safi ni haki yako

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Kwa hivyo ukiona bomba limepasuka, au maji yamebadilika rangi, au yananuka kama choo, usinyamaze. Piga ripoti kwa kampuni ya maji, na umwarifu afisa wa afya ya umma au mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Taja mahali, siku na saa. Majirani wakienda pamoja, husikizwa haraka zaidi. Wakati mkingoja, chemsheni. Na maji yanayonuka choo yasinywewe hata baada ya kutiwa dawa.

Mama yule wa kisa changu sasa ana ndoo yenye kifuniko na mfereji. Mtoto wake amekua, anaenda shule, na nimesikia kwamba yeye ndiye huwagombeza wageni: "Usitumbukize kikombe!"

Mambo ya kukumbuka

1. Maji maangavu si lazima yawe maji salama.
2. Harufu kidogo ya klorini ni dalili ya ulinzi.
3. Baada ya mgao, yaache ya kwanza yapite.
4. Chemsha dakika 1, au tia dawa na ungoje dakika 30.
5. Funika, mimina, usitumbukize mkono.
6. Chini ya miezi sita, maziwa ya mama pekee.
7. Mtoto akihara, ORS na zinki mapema.

Leo jioni, kabla hujalala, kiangalie chombo chako cha maji ya kunywa. Kina kifuniko? Nani hutia mkono ndani? Anzia hapo.