Mbuzi Mgeni Asichanganywe na Wengine



Mbuzi na kondoo ni akiba ya nyumba. Mtoto akihitaji sare ya shule, mbuzi mmoja huuzwa. Mgonjwa akipelekwa hospitali, mwingine huuzwa. Lakini akiba hiyo inaweza kwisha kwa wiki chache tu. Yatosha sotoka ya mbuzi na kondoo iingie zizini.

Sotoka hii inatoka wapi?

Ugonjwa huu huletwa na virusi. Hivi ni vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Hapa Tanzania ugonjwa ulithibitishwa mwaka 2008, katika wilaya ya Ngorongoro. Mwaka 2018 ulithibitishwa nchini Burundi. Murukulazo ipo wilaya ya Ngara, na Ngara imepakana na Burundi na Rwanda. Kwa hiyo ni lazima tuwe macho.

Mnyama mgonjwa huambukiza wenzake kwa pumzi, kikohozi, makamasi na kinyesi. Ugonjwa hauna miguu. Mara nyingi huletwa na mbuzi tuliyemnunua sisi wenyewe.

Dalili zake

1. Mnyama ana homa kali na hataki kula.
2. Macho na pua hutoa majimaji, kisha usaha.
3. Mdomoni kuna vidonda, na pumzi inanuka.
4. Anaharisha sana na kukohoa.
5. Mwenye mimba huweza kuitupa.

Wengi hufa, hasa wale wadogo.

Mgeni atengwe

Mbuzi anaweza kununuliwa akiwa na virusi mwilini, huku akionekana mzima. Anakula vizuri na manyoya yanang'aa. Dalili huja baada ya siku chache. Ukimwingiza zizini siku hiyo hiyo, umewaambukiza wote. Kwa hiyo fanya hivi:

Mfunge mgeni mbali na wenzake kwa wiki 3. Mpe chombo chake cha maji na majani yake. Asichungwe pamoja na wengine. Wahudumie kwanza mbuzi wako wa zamani, halafu mgeni. Ukimaliza, nawa mikono na uoshe miguu au viatu. Wiki 3 zikipita naye ni mzima, mchanganye.

Fanya vivyo hivyo kwa mbuzi uliyempeleka mnadani akarudi bila kuuzwa. Naye amekutana na wengi.

Chanjo ndiyo kinga

Hakuna dawa inayoua virusi hivi. Sindano anazotoa bwana mifugo humsaidia mgonjwa asishikwe na magonjwa mengine juu ya hilo. Kinga ya kweli ni chanjo. Sindano moja humkinga mnyama kwa miaka 3 au zaidi. Achanjwe angali mzima. Usingoje jirani aanze kuzika mbuzi.

Je, chanjo inaweza kuumaliza ugonjwa? Ndiyo. Sotoka ya ng'ombe iliua ng'ombe wengi sana Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Watu wakachanja kwa miaka mingi, nchi baada ya nchi. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa sotoka ya ng'ombe imekwisha duniani kote.

Ukiona mgonjwa

Mtenge mara moja. Mwite bwana mifugo au bibi mifugo, na uwaambie majirani. Usimkimbize mgonjwa mnadani ili upate fedha kidogo. Utakuwa umempelekea mwenzako msiba, na kesho msiba huo utarudi kwako kwa njia ya malisho. Mzoga uzikwe katika shimo refu au uchomwe moto.

Sotoka hii haimpati mtu. Hata hivyo, usimchune wala kumla mnyama aliyekufa ghafla. Huenda amekufa kwa kimeta, na kimeta huua watu.

Mjadiliane katika kikundi

1. Mbuzi wa mwisho kuletwa kijijini kwetu alitengwa kwa siku ngapi?
2. Mbuzi wetu walichanjwa lini?
3. Tukishirikiana, tunaweza kujenga wapi zizi la wageni?