Spika wa Mkono Mmoja

Mimi huwapenda wanasiasa wanaonivuruga, na Peter Lalor ananivuruga kweli. Alikuwa Muairishi, mhandisi kwa mafunzo, aliyefika koloni la Victoria, kule Australia, mwaka 1852 kutafuta dhahabu. Huko Ballarat wachimbaji walilipia leseni hata kama hawakupata punje, na polisi waliwawinda mashimoni kuikagua. Kura hawakuwa nayo.

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 1854, askari waliivamia ngome ya magogo ya wachimbaji walioasi pale Eureka. Lalor, kiongozi wa wachimbaji hao, alipigwa risasi karibu na bega la kushoto. Wenzake wakamficha chini ya mbao, kisha akatoroshwa hadi nyumbani kwa padri, ambako mkono ulikatwa. Serikali ikatangaza zawadi ya pauni 200 kwa atakayemkamata. Hakupatikana. Na kabla mwaka uliofuata haujaisha, mtu huyohuyo alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, akiwakilisha Ballarat bila kupingwa!

Ila subiri kidogo. Mwaka 1856 aliunga mkono masharti ya kubana haki ya kupiga kura, na wachimbaji wakamng'akia. Mwaka 1873, akiwa mkurugenzi wa mgodi wa Lothair kule Clunes, wafanyakazi walipogoma kampuni ilitaka kuwaleta Wachina washike nafasi zao. Msituni alikuwa mwasi. Ofisini, bosi kama mabosi wengine.

Bunge la koloni lilimchagua Spika mwaka 1880, akakalia kiti hicho hadi 1887.