Nyuki Mweusi wa Mbao: Hapana Kumuchoma



Siku za kupima watoto tunasikia maulizo haya mara kwa mara: "Munganga, kule nyumbani kuko mududu mukubwa mweusi, analia vuuu, anatoboa mbao za paa. Nitamuua namna gani?" Wengine wanatia petroli na kuwasha moto. Moto ule unaweza kuunguza mutoto na nyumba pamoja. Nyuki yule hana hasara ya namna hiyo.

YEYE NI NANI?

Ni nyuki wa mbao. Katika picha za Ulaya kuko nyuki mukubwa wa manyoya anayekaa ndani ya udongo. Yule haishi katika inchi yetu. Wa kwetu ni mweusi, na wengine wana mukanda mweupe au wa manjano. Tundu lake ni la mviringo, kipimo cha kidole, na chini yake utaona vumbi la mbao. Lakini hakuli mbao. Chakula chake ni maji matamu ya maua na unga wao. Ndani ya tundu, jike anaweka donge la unga huo, anataga yai moja juu yake, anafunga kwa ukuta wa vumbi la mbao, kisha anatengeneza chumba kingine.

Dume ndiye anayeruka mbele ya uso wako, lakini hana mwiba hata kidogo. Jike anao, ila ni shida amuume muntu asiyemushika au kumubana.

Hapa Manika anapenda mbao kavu zisizopakwa rangi. Tena miti mikavu ya pori inakatwa kwa makala. Na kazi yake ni njema: marakuja na kunde za lupango lako zinazaa vizuri akitembelea maua yao.

UFANYE NINI?

1. Kama tundu ni moja au mawili, mwache.
2. Kama matundu ni mengi katika mbao inayobeba paa, ita fundi aiangalie. Ukikaa siku nyingi bila kuona nyuki akiingia wala kutoka, ziba kwa kijiti na udongo, halafu paka rangi.
3. Weka gogo kavu pembeni ya lupango, mbali na mahali watoto wanapocheza. Atapata nyumba yake.
4. Kataza watoto kutia kijiti ndani ya tundu.

NYUKI WA ASALI NI WENGINE

Hawa ni wadogo, rangi ya kahawia, wengi sana pamoja. Wakining'inia katika muembe, mara nyingi wanapumuzika tu, wataondoka baada ya siku moja au chache. Ondoa watoto, mbuzi na mbwa. Kama wameingia ndani ya paa, hapana kuwatupia mawe wala moto. Tafuta muntu anayejua kazi ya asali. Atakuja usiku na moshi, atawahamisha.

MUTOTO AKIUMWA

Mwondoe mahali pale kwanza. Nyuki wa asali anaacha mwiba katika ngozi: utoe upesi kwa ukucha, hapana kupoteza wakati kutafuta kisu. Osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Kuvimba kidogo pale alipoumwa si ajabu.

Lakini mukimbize hospitali saa ile ile kama:
– anapumua kwa taabu;
– mudomo, ulimi au uso unavimba;
– upele unatoka mwili muzima;
– anatapika au anazimia;
– ameumwa na nyuki wengi, au ndani ya kinywa.

Mulalishe, inua miguu yake. Akishindwa kupumua, mukalishe. Kuko sindano ya adrenalini inayoweza kumuokoa, lakini inataka mutoto afike mapema. Hapana kungoja asubuhi.

Basi mama, mbele ya kushika petroli, jiulize: huyu ni nyuki gani? Kama hujui, uliza hapa kliniki. Hapana kuona haya.