Kabla hujavishwa taji la jino, uliza kwanza

Siku moja alikuja kwangu mjini Lodwar binti wa miaka 22, mchuuzi wa samaki kutoka Longech. Kijiji hicho kiko kwenye ulimi wa mchanga unaotenga Ghuba ya Ferguson na Ziwa Turkana, karibu na Kalokol. Kilichomleta ni kikohozi, lakini niliona kwamba kila alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja. Meno yake ya mbele yalikuwa na mabaka ya rangi ya kahawia.

Kabla ya kuondoka alitoa simu akanionyesha tangazo. Kliniki moja ya mbali ilimwahidi kuyapiga picha meno yake kwa kamera maalumu, kisha kompyuta ichore meno mapya meupe, naye arudi nyumbani na mataji manane. Jamaa zake walikuwa tayari kuuza mbuzi. "Daktari, niende?" aliniuliza.

Swali hilo si lake peke yake. Wasomaji wengi mijini wanavutiwa na matangazo kama hayo. Basi tuanze kwa kuueleza mtambo wenyewe.

Mtambo unavyofanya kazi

Taji ni kofia ngumu inayovishwa juu ya jino lililovunjika au kuoza sana. Zamani, ili kulitengeneza, daktari wa meno alikujaza mdomo ute mzito, akasubiri ugande, kisha akamwagia plasta kupata mfano wa meno yako. Mwaka 1985, huko Zurich nchini Uswisi, daktari wa meno Werner Mörmann na mhandisi Marco Brandestini walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa njia nyingine: kamera ndogo ilipiga picha ya jino, na mashine ikachonga kipande cha kauri cha kuliziba.

Siku hizi kamera hiyo, yaani skana, ni kama mswaki mnene. Hupitishwa juu ya meno, na kompyuta huunganisha picha nyingi kuwa umbo moja kamili. Hapo ndipo akili mnemba inapoingia. Programu iliyofundishwa kwa picha za maelfu ya vinywa huonyesha mpaka wa jino lililochongwa, hutazama meno jirani na yale yanayokutana nalo unapotafuna, kisha hupendekeza umbo la taji kwa dakika chache. Mashine hulichonga kutoka kwenye kipande cha kauri au zirkonia.

Faida zake ni za kweli, hasa kwetu tulio mbali. Kutoka Lodwar hadi Nairobi ni takriban kilomita 700. Mfano wa plasta unaweza kuvunjika njiani, lakini picha ya skana hufika maabara kwa intaneti siku hiyo hiyo. Aidha, mgonjwa anayetapika kwa urahisi huepuka ule ute.

Kisichoonekana na kompyuta

Hata hivyo, skana huona uso wa jino tu. Haioni uozo uliojificha ndani wala usaha kwenye mzizi; hayo yanahitaji eksirei na mkono wa daktari. Damu na mate pia huiharibia picha.

Tena kompyuta hujua kile ilichofundishwa. Miongoni mwa Waturkana wako wazee waliong'olewa meno ya mbele ya chini kwa mujibu wa mila. Programu iliyofundishwa kwa vinywa vyenye meno kamili huenda ikaliona pengo hilo kuwa kasoro ya kuzibwa. Mwenyewe halioni hivyo.

Na kompyuta haijui binti yule alikunywa maji gani utotoni. Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Maji huingia, hasa kwa Mto Omo, na huondoka kwa mvuke tu, yakiacha chumvi na floraidi nyuma. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Maji ya ziwa hili yana mara kadhaa ya kiasi hicho. Mtoto anayeyanywa kabla ya miaka minane, wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, huota meno yenye mabaka. Watu wa Nakuru na Arusha wanalifahamu jambo hilo vyema.

Nakiri kwamba nilipokuwa daktari mchanga nilimkaripia kijana mwenye meno kama hayo nikidhani hapigi mswaki. Nilikosea. Mabaka hayo si uchafu.

Jino likichongwa halirudi

Ili taji likae, daktari husaga milimita moja hadi mbili kuzunguka jino. Gamba la nje la jino, yaani enameli, unene wake ni takriban milimita mbili tu pale linapozidi, na halioti tena. Jino lililosagwa litahitaji kofia maisha yote, na kofia nzuri hudumu kama miaka 10 hadi 15, pengine zaidi. Binti wa miaka 22 angebadilishiwa mara kadhaa kabla ya uzee. Wakati mwingine neva ya jino hufa, na maumivu huanza pale ambapo hayakuwapo.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kulipa, uliza:

1. Je, jino langu ni gonjwa au rangi tu ndiyo mbaya?

2. Kiasi gani cha jino kitasagwa?

3. Kuna njia isiyosaga sana, kama kung'arisha, kusugua mabaka au kupaka utomvu wa rangi ya jino?

4. Nani atakagua mchoro wa kompyuta, naye amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno?

Ukijibiwa kwa haraka haraka, ondoka.

Kwa wazazi, kumbukeni kwamba kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Huizidisha kadiri maji yanavyopungua. Maji ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, ni salama zaidi kwa watoto. Mtoto mchanga anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Msipike kwa magadi mara kwa mara, kwani nayo yana floraidi. Dawa ya meno msiitupe, bali mtoto wa chini ya miaka mitatu apewe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha njegere.

Na yule binti? Nilimwandikia barua kwa daktari wa meno. Mabaka yake yalisuguliwa, na meno mawili yakapakwa utomvu. Lakini ilionekana kwamba gego moja la chini lilikuwa limemeguka na kuoza hadi kwenye neva. Hilo lilitibiwa mzizi, likapigwa picha kwa skana, likavishwa taji lililochorwa kwa kompyuta. Alivishwa taji moja badala ya manane, na mbuzi wengi walibaki zizini. Aliporudi kunionyesha, alicheka bila kuinua kiganja.